Jifunze Kutunza Kabla ya Kujenga

Kila mwaka vyuo vinapofunga hesabu za wahitimu wao, swali moja huzunguka miongoni mwa vijana waliosomea TEHAMA: nijifunze lugha gani ya programu ili nipate kazi? Mmoja huambiwa Python, mwingine Java, wa tatu JavaScript. Kila jibu humwingiza katika msururu mpya wa masomo ya video, na msururu ukiisha anarudi na swali lilelile. Kasoro iko kwenye swali lenyewe. Linamchukulia mtaalamu wa kompyuta kuwa mtu wa kuanzisha: anafungua ukurasa mtupu, anaandika, na kinazaliwa kitu ambacho jana hakikuwapo. Picha hiyo ni ya kweli kwa wachache, na hata kwao ni ya kweli kwa siku chache. Kijana anayeajiriwa leo na hospitali ya wilaya, SACCOS, benki, kampuni ya mabasi au halmashauri atakuta mfumo umekwisha kujengwa, mara nyingi na watu waliokwisha kuondoka, na ataambiwa auweke hai. Hoja yangu ni kwamba maandalizi ya kazi ya kwanza yaanzie hapo. Mtu ajifunze kuusoma mfumo uliopo, kuuchunguza unapougua, kuulinda na kuuandikia, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi atakayokabidhiwa, na ndiyo kazi ambayo waombaji wengi hufika kwenye usaili bila ushahidi wowote kwamba wanaiweza.

Ushahidi wa hoja hii ni wa siku nyingi. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Bennet Lientz na Burton Swanson, walichapisha kitabu kuhusu utunzaji wa programu, kilichotokana na uchunguzi wa idara za kompyuta 487. Walikuta takriban nusu ya muda wa wataalamu ukienda kwenye programu ambazo tayari zilikuwa zikitumika. La kuzingatia zaidi ni aina ya kazi yenyewe: kusahihisha makosa kulichukua sehemu ndogo, huku takriban asilimia 60 ya utunzaji ikiwa ni kuboresha na kuongeza yale ambayo watumiaji walihitaji. Miaka michache kabla yao, mwaka 1974, mtafiti wa kompyuta Meir Lehman alikuwa ameeleza sababu katika kanuni moja: programu inayotumika katika maisha ya watu hubadilishwa mfululizo, la sivyo manufaa yake hupungua siku hadi siku. Tukitazama kwa macho ya pwani, jambo hili ni rahisi kulielewa. Jahazi hutiwa kalafati kwa sababu mbao zake zinachakaa. Programu haichakai, herufi zake zitabaki vilevile hata baada ya miaka 20. Kinachobadilika ni bahari inamoelea: sheria, bei, aina za simu, idadi ya watumiaji, mahitaji ya ofisi. Maji mapya hutafuta ufa uliokuwapo tangu zamani bila kuonekana.

Afrika Mashariki ina mifano ya karibu. Tarehe 1 Aprili 2020 Kenya ilishusha Kodi ya Ongezeko la Thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, na tarehe 1 Januari 2021 ikairudisha 16. Kwa msomaji wa gazeti hiyo ni tarakimu moja tu. Ndani ya mfumo wa duka kubwa, tarakimu hiyo huenda imeandikwa kwenye mashine ya keshia, kwenye ankara, kwenye ripoti ya mwezi na kwenye hesabu za stoo. Anayepita kila mahali akifuta 16 na kuweka 14 anaharibu yaliyopita: mteja aliyenunua pasi mwezi Machi na kuirudisha Aprili anapaswa kurejeshewa kodi ya Machi, na ripoti ya Machi ikichapishwa tena mwezi Juni sharti itoe jumla ileile. Tiba sahihi ni kuhifadhi kila kiwango pamoja na tarehe yake ya kuanza na kukoma, kisha kila mauzo yasome kiwango cha siku yake. Aliyefanya hivyo Aprili hakuwa na kazi kubwa Januari. Tanzania nayo ilianzisha tozo ya miamala ya simu Julai 2021 na kuipunguza kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo. Mwaka 2019 namba za simu zinazoanza na 01 ziliingia sokoni Kenya, na fomu yoyote iliyoandikwa kukubali 07 peke yake ikaanza kuwakataa wateja wenye laini mpya. Mabadiliko haya hayakudai lugha mpya ya programu. Yalidai mtu anayeweza kuingia katika kazi ya mwenzake, akaona ni wapi panapoguswa, akapagusa bila kubomoa pengine.

Stadi ya kwanza, basi, ni kusoma. Mafunzo mengi ya programu humwanzisha mwanafunzi kwenye ukurasa mtupu na kumwacha hapo mpaka cheti, bila kumkabidhi hata siku moja msimbo wa mtu mwingine wenye maelfu ya mistari na kumtaka aeleze unavyofanya kazi. Ni sawa na kumfunza mtu kuandika insha bila kumpa kitabu cha kusoma. Pengo hili kijana anaweza kuliziba mwenyewe, kwa kuwa mifumo mikubwa inayotumika kwetu msimbo wake uko wazi kwa yeyote. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kubuniwa mwaka 2004, ulikuwa na mizizi yake Eldoret, Kenya, tangu mwanzo. DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, hubeba takwimu za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Kijana asithubutu kuusoma mfumo wa namna hiyo kama riwaya, kutoka ukurasa wa kwanza. Achague tendo moja: muuguzi anabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kitufe hicho kinaita sehemu gani ya msimbo? Taarifa zinakaguliwa wapi? Zinaishia jedwali gani la hifadhidata? Umeme ukikatika katikati, kinabaki nini? Aichore safari hiyo kwenye karatasi. Kisha afungue historia ya mabadiliko na kuangalia kwa nini mstari fulani uliandikwa jinsi ulivyo. Mara nyingi mstari unaoonekana wa kipuuzi ni kovu la ajali iliyopita, na mwanagenzi akilifahamu hilo mapema anaacha kudharau kazi aliyoikuta. Dharau hiyo imewaponza vijana wengi hodari, maana mtu asiyeheshimu kovu hulifungua upya.

Stadi ya pili ni kutafuta chanzo cha hitilafu kwa utaratibu. Keshia anasema, “Mtandao hakuna.” Maneno mawili, lakini nyuma yake panaweza kuwa na hitilafu kumi tofauti. Asiye na utaratibu hubadilisha mambo matatu kwa pamoja. Tatizo likiondoka hajui lipi lililoponya, na likirudi hana pa kuanzia. Mwenye utaratibu huuliza kwanza swali linaloigawa hali vipande viwili: ni kompyuta hii moja, au zote? Ikiwa ni moja, hutazama kebo na taa yake, kisha anwani ya kompyuta. Kwenye Windows, anwani inayoanza na 169.254 humwambia kwamba kompyuta iliomba kupewa anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hapo hana sababu ya kugusa kivinjari wala kusakinisha programu upya. Anwani ikiwa sawa, hujaribu kuifikia ruta, halafu anwani ya namba iliyo nje ya ofisi, halafu anwani ya jina. Namba zikifikika na majina yasifikike, kosa liko kwenye DNS, daftari linalogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Ngazi hizi ni zilezile kwa ofisi yenye kompyuta tatu na kwa kampuni kubwa kuliko zote. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka duniani kwa takriban saa sita baada ya badiliko katika mtandao wa ndani wa kampuni kuzifanya seva zake za majina zisifikike. Simu za watumiaji zilikuwa nzima, na intaneti yao pia. Jina ndilo lililokosa wa kulijibu.

Thamani ya uchunguzi wa namna hiyo ilionekana vizuri Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshiriki pia kuijenga hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akifanya vipimo vya kawaida alipoona kwamba kuingia kwenye seva kwa njia ya SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde na kunaitumikisha kompyuta kuliko kawaida. Wengi wangeipuuza nusu sekunde. Yeye aliifuatilia ngazi kwa ngazi hadi akafika kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili, na humo akakuta mlango wa siri uliopachikwa kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 na mtu aliyejijengea imani ya mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili. Alitangaza alichokikuta tarehe 29 Machi, kabla matoleo hayo hayajasambaa kwenye seva nyingi za dunia. Kilichomwezesha kilikuwa cha kawaida kabisa: alijua hali ya uzima ya mashine yake ikoje, kwa hiyo aliitambua siku ilipotofautiana. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi anaweza kuanza kujenga tabia hiyo leo. Apime kompyuta yake inawaka kwa sekunde ngapi, inatumia kumbukumbu kiasi gani ikiwa imetulia, intaneti ya hapo alipo inachukua muda gani kujibu asubuhi na jioni, na aandike. Asiyejua afya ya mfumo ikoje hawezi kuutambua ugonjwa wake ukiwa bado mdogo.

Stadi ya tatu ni kulinda, na kiini chake ni nakala rudufu. Karibu kila mwombaji wa kazi atasema anajua kwamba data inapaswa kuwa na nakala. Ni wachache waliowahi kuirudisha. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa watengeneza programu, alifuta kwa bahati mbaya data kwenye seva isiyo yenyewe: kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki kama 4.5 alipoizuia amri. Kampuni ilikuwa na njia tano za kunakili na kuhifadhi data, na saa ile haikupatikana hata moja iliyofanya kazi kama ilivyotarajiwa. Nakala za kila siku zilikuwa zinashindikana kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua pepe za kutoa tahadhari zilikuwa zinakataliwa njiani, basi hakuna aliyejua. Iliokolewa na nakala moja iliyochukuliwa saa sita kabla kwa kazi nyingine, na data ya saa hizo sita ikapotea. GitLab iliyaeleza yote haya hadharani, na kwa kufanya hivyo ikawapa wanagenzi wa dunia nzima somo lisilo na ada. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa bado ni tumaini tu. Anayejiandaa kwa kazi na atengeneze hifadhidata ndogo, aiwekee nakala, aifute kwa makusudi, airudishe, na aandike ilimchukua dakika ngapi na alikwama wapi. Akiulizwa kwenye usaili, atakuwa na jibu lenye saa na dakika.

Stadi ya nne ni kuandika, na wahenga walikwisha kuisemea: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika TEHAMA mali yenyewe ni ujuzi wa jinsi mfumo ulivyo, nao huondoka na mtu anapohama kazi. Rekodi ya hitilafu haihitaji ufundi wa fasihi. Inahitaji dalili kama mtumiaji alivyoieleza, vilivyojaribiwa kwa mpangilio, chanzo kilichothibitishwa, tiba, na hatua ya kuzuia isirudi. Hapa msemaji wa Kiswahili ana nafasi ambayo aghalabu haithaminiwi. Karani wa mapokezi hueleza tatizo kwa Kiswahili, miongozo ya mitambo iko kwa Kiingereza, na hasara nyingi hutokea kwenye pengo kati ya lugha hizo mbili. Kazi ya kuliziba ilianza zamani: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kiofisi zenye maelekezo ya Kiswahili, na waliohusika walilazimika kutafuta istilahi kwa mamia. Kijana anayeweza kusikiliza “kompyuta imegoma”, akauliza maswali matatu ya adabu, akaandika ripoti ya kitaalamu kwa Kiingereza, kisha akaandika maelekezo ya nusu ukurasa ambayo karani atayafuata bila kumpigia simu, amefanya kazi ambayo mashine ghali haiwezi kuifanya kwa niaba yake. Maelekezo hayo ni sehemu ya mfumo kama zilivyo seva na kebo zake.

Stadi hizi nne hazipatikani kwa kusoma makala, wala kwa miradi ya darasani inayozaliwa wiki ya mwisho wa muhula na kufa siku ya kuwasilishwa. Zinapatikana kwa kukaa na mfumo mmoja mdogo unaotumika kweli, kwa muda wa kutosha ili uharibike. Miezi sita ni kipimo kizuri. Maktaba ya shule inayohitaji orodha ya vitabu, kikundi cha kuweka na kukopa kinachohesabu michango, msikiti au kanisa linalotunza kumbukumbu za waumini, duka la dawa lenye stoo: kila kimoja kina watumiaji ambao hawatafuata njia aliyoifikiria mwenye kuutengeneza mfumo. Watu wawili watahariri faili moja kwa pamoja. Jina litaandikwa kwa namna tatu. Umeme utakatika. Hapo ndipo mafunzo yanapoanza. Lakini kuna mpaka usiovukwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Taarifa za watu hazichukuliwi kufanyia mazoezi nyumbani, na kuingia kwenye mfumo wa watu bila ruhusa ni kosa la jinai hata kama nia ilikuwa kujifunza. Ruhusa iombwe kwa maandishi, majaribio yafanywe kwa majina ya kubuni, na wenye mfumo wabaki na nywila zao. Mwombaji anayeyajua haya tangu mwanzo anamwondolea mwajiri hofu moja kubwa.

Wapo watakaopinga kwamba hayo yote ni mazuri, ila waajiri hupepeta maombi kwa vyeti, na asiye na karatasi hafiki kwenye chumba cha usaili kuonyesha daftari lake la hitilafu. Ni kweli, hasa katika utumishi wa umma ambako sifa za elimu ni sharti la tangazo. Simshauri mtu yeyote aache shahada au stashahada yake. Ninachosema ni kwamba karatasi hufungua mlango wa kwanza, na kwenye mlango wa pili wote waliosimama wanayo karatasi. Tena vyeti vyenyewe vinaunga mkono hoja hii. Mtihani wa kwanza wa CompTIA A+, ambao kwa miaka mingi umekuwa lango la mafundi wa kompyuta, umetenga zaidi ya robo ya alama zake kwa utafutaji wa hitilafu, sehemu kubwa kuliko nyingine yoyote, na hatua ya mwisho ya utaratibu wake ni kuandika kilichobainika na kilichofanyika. Anayekariri majibu ya mtihani huo hupata cheti kilekile anachopata aliyetenda. Tofauti yao hujitokeza msaili akiuliza swali la pili: “Na ukifanya hivyo, ikakataa?”

Wengine watasema kwamba akili unde imekwisha kuichukua kazi hii. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, maswali ambayo zamani yalikuwa riziki ya mwanagenzi hujibiwa kwa sekunde, na baadhi ya waajiri wanajiuliza kama bado wanahitaji mwanagenzi. Pingamizi hili lina uzito, na si haki kuwaambia vijana kwamba mlango haujawa mwembamba. Lakini tutazame ni kazi ipi inayorahisishwa. Kilichokuwa kigumu na sasa ni rahisi ni kuanza, yaani kupata mistari ya kwanza ya msimbo. Msimbo unaozalishwa kwa wingi bado unasubiri mtu wa kuusoma, kuujaribu na kujibu kwa jina lake siku utakapoharibika, na kadiri unavyozidi wingi ndivyo kazi hiyo inavyoongezeka. Tena kuna hitilafu zinazotaka miguu na mikono. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha takriban kompyuta milioni 8.5 za Windows. Ndege zilibaki chini na hospitali zikaahirisha huduma. Kampuni ilirekebisha sasisho lake ndani ya saa chache, lakini kompyuta nyingi zilikuwa haziwaki kiasi cha kupokea marekebisho, kwa hiyo fundi alilazimika kuifikia kila moja, kuiwasha katika hali salama na kufuta faili husika. Kijana atumie akili unde, tena kwa bidii, lakini aitumie kama anavyomtumia mwenzake mwenye maneno mengi: asikie, kisha athibitishe mwenyewe.

Pingamizi la tatu ndilo linalonigusa zaidi: haya ni maandalizi ya mwenye kompyuta mpakato, bando na muda. Binti aliyemaliza stashahada na kurudi kijijini kwao, anayetumia simu ya wazazi, afanye nini? Sehemu ya jibu iko mikononi mwake. Kazi ya kutunza inadai mashine hafifu kuliko kazi ya kujenga. Kompyuta kuukuu isiyoweza kubeba Windows mpya hufanya kazi vyema kwa mfumo endeshi wa Linux. Miongozo ya Python na ya PostgreSQL hupakuliwa mara moja na kusomwa bila intaneti. Daftari la hitilafu ni la karatasi. Lakini sehemu kubwa ya jibu iko kwa wengine. Chuo chenye maabara ya kompyuta 40, kati yake 15 zikiwa mbovu, kina darasa bora la utunzaji lililofungiwa kwa kufuli. Wanafunzi wakabidhiwe hizo 15, chini ya mkufunzi, na ripoti zao zihesabiwe kama mtihani. Taasisi zinazopokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo ziache kuwatuma kupiga chapa na kununua chai. Ziwape hitilafu moja halisi kwa wiki na mtu wa kuwasimamia. Gereji za mtaani zimefundisha mafundi wa magari kwa vizazi bila bajeti ya wizara, kwa kanuni moja tu: mwanagenzi hushika kilichoharibika akiwa karibu na anayejua. Ofisi zetu za TEHAMA hazina sababu ya kushindwa na gereji.

Linabaki pingamizi la wenye ndoto: kwamba kumwelekeza kijana kwenye utunzaji ni kumnyima ujenzi, na nchi zetu zinahitaji wajenzi. Ninaiheshimu ndoto hiyo, na ndiyo maana ninataka iwekewe msingi. Git, chombo ambacho watengeneza programu karibu wote wa leo hukitumia kutunza historia ya msimbo, kilizaliwa Aprili 2005 kwa sababu Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, na wenzake walipoteza chombo walichokuwa wakitegemea kuitunza, kazi ambayo wakati huo ilikuwa na umri wa karibu miaka 14. Miaka hiyo ya kupokea marekebisho ya watu wengine, kuyasoma, kuyakubali au kuyakataa, ilikuwa imewafundisha chombo hicho kinapaswa kuweza nini, na ndiyo maana Torvalds aliweza kutoa umbo lake la kwanza kwa muda wa siku chache. Aliyetunza anajua mahali ambapo majengo hupasuka, na akipewa kiwanja chake hujenga kwa kumfikiria atakayekuja nyuma yake kukarabati. Huweka kiwango cha kodi pamoja na tarehe zake. Huandika sababu ya mstari wa ajabu. Huijaribu nakala rudufu kabla ya kuihitaji.

Kwa hiyo, kwa yule anayeuliza ajifunze lugha gani, nina jibu fupi: yoyote ambayo mfumo ulio karibu naye umeandikwa kwayo. Lugha ya pili itamjia kwa wepesi, na ya tatu kwa wepesi zaidi. Stadi za kutunza huja polepole, na ndizo zitakazomfaa katika lugha zote. Siku ya kwanza kazini hataonyeshwa ukurasa mtupu. Ataonyeshwa chumba chenye seva inayonguruma, karatasi yenye nywila za mtu aliyehama mwaka jana, na karani mwenye uso wa wasiwasi anayesema kwamba ripoti ya mwezi haitoki. Akiwa amewahi kukaa na mfumo mdogo ukamharibikia mikononi, atavuta kiti, atamuuliza karani mara ya mwisho ripoti ilitoka lini na nini kimebadilika tangu hapo, na ataandika jibu kabla ya kugusa kitu.